Nani Hulipa Lifti ya Bure?

Dereva wa Kithai akimwona mgeni amesimama kando ya barabara kuu, begi mgongoni, jua la saa saba mchana likimpiga utosini, haimjii akilini kwamba huyu anaomba lifti. Anachokiona ni mtu aliyepotea, au aliyeachwa na basi. Kidole gumba kilichoinuliwa hakimwambii kitu. Kwake hiyo ni ishara ya kusema mambo safi. Thailand gari husimamishwa kwa kunyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, ukaupunga taratibu kama mtu anayemtuliza mtoto. Wenyewe huita bok rot, yaani kupungia gari. Pikapu inapunguza mwendo, inaegesha mbele kidogo, na dereva anashuka mwenyewe kuuliza kuna shida gani.

Kinachofuata kimesimuliwa na wasafiri wengi mpaka kimekuwa kama hadithi moja. Dereva anampakia mgeni, anampa chupa ya maji baridi, anageuza gari na kumpeleka stendi ya mabasi. Kwake shida imekwisha: mtu hakuwa na usafiri, na usafiri ndio huu. Mgeni anajaribu kueleza kwa ishara na maneno mawili matatu ya Kithai kwamba basi halitaki, kwamba anapenda kwenda hivi hivi, bila nauli. Uso wa mwenyeji unabadilika. Kumbe maskini hana hata nauli! Mkono unaingia mfukoni na kutoka na noti.

Mgeni huyo ana kadi ya benki kiunoni. Tiketi ya ndege iliyomleta pengine imezidi mshahara wa miezi kadhaa wa huyu anayemnyooshea noti. Hajasema uongo wala hajaomba hela. Ila amesimama pale wanaposimama wenye shida, na mtu mwenye moyo amepita akaona shida. Je, ana haki ya kupokea? Noti ataikataa, bila shaka, kama ana haya. Lakini lile gari lililogeuzwa, yale maji, ile nusu saa ya mtu aliyekuwa na safari zake? Na akivikataa hivyo vyote, atakuwa amemnyima mwenzake kitu gani?

Pa kuliulizia swali hili ni Barabara Kuu Namba 2. Inaanzia Saraburi, upande wa kaskazini-mashariki ya Bangkok, inapanda mpaka uwanda wa Isan, inapita Nakhon Ratchasima, ambao wenyeji huuita Korat, kisha Khon Kaen na Udon Thani, na kufika Nong Khai kwenye ukingo wa mto Mekong, ambako ng'ambo ni Laos. Ni kama kilomita 500. Jina lake ni Mittraphap, na maana yake ni urafiki.

Jina hilo lina sababu. Kipande cha kwanza, kutoka Saraburi mpaka Korat, kilijengwa kwa msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 1958. Ilikuwa zawadi. Haikupita miaka kumi, ndege za kivita za Marekani zikawa zinaruka kutoka viwanja vya Korat na Udon Thani, miji miwili iliyo juu ya barabara hiyo hiyo, kwenda kushusha mabomu Vietnam na Laos. Na huko inakoishia, daraja linalovuka Mekong lilijengwa kwa fedha za Australia, likafunguliwa mwaka 1994, nalo likaitwa Daraja la Urafiki. Anayesafiri kwa lifti kutoka Saraburi mpaka mpakani anapokea zawadi juu ya zawadi: gari ni la mtu, na lami inayokanyagwa na matairi yake ilianza kwa hisani ya dola kubwa.

Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 insha maarufu juu ya zawadi, akachambua desturi za visiwa vya Pasifiki, za Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini na za sheria za kale. Alichokiona ni kwamba zawadi ya bure haipo. Kuna wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha, na jamii nzima hufungwa pamoja kwa kamba hizo tatu. Kipande kile cha Mittraphap kingemfaa sana kama mfano. Anayepewa barabara siku moja ataombwa uwanja wa ndege.

Lakini pembeni ya barabara hiyo hiyo, kila alfajiri, kuna jambo ambalo kamba za Mauss hazilishiki vizuri.

Kabla jua halijachomoza sawasawa, wanawake wa vijiji vya Isan hutoka mlangoni na kitunga cha mianzi chenye wali wa kunata, ungali wa moto. Huvua viatu, hupiga magoti. Watawa wanakuja kwa mstari, peku, aliyetangulia kuingia utawani ndiye wa mbele, kila mmoja na bakuli lake. Mwanamke anamega tonge, analitia bakulini. Mtawa wa pili, tonge. Wa tatu, tonge. Mvuke unapanda kwenye vidole vyake. Hakuna anayesema asante. Mtawa hatabasamu wala hamtazami mtoaji usoni. Macho yake yako kwenye bakuli, kwa sababu ndivyo kanuni inavyomtaka. Anayekutanisha viganja na kuinamisha kichwa ni yule aliyetoa. Watawa wanasoma baraka fupi kwa lugha ya Kipali na kuendelea na njia yao.

Mgeni aliyelelewa kusema asante kabla hajajua kuhesabu anaweza kuudhika kwa niaba ya yule mama. Angekuwa ameisoma hesabu kinyume. Kwa mama huyo, aliyepewa ni yeye. Amepewa nafasi ya kuchuma thawabu, ambayo Wathai huiita bun, na thawabu hiyo ni mali halisi inayoweza hata kugawiwa wengine: baada ya kutoa sadaka, humimina maji polepole kutoka chombo kidogo huku watawa wakisoma, na kwa maji hayo humpelekea fungu marehemu mama yake au mumewe. Mtawa angesema asante angeiharibu shughuli. Angelifanya tonge la wali kuwa upendeleo kati ya watu wawili.

Mswahili hahitaji kufundishwa hesabu hii. Anayo tayari katika methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayebisha hodi na njaa yake ndiye mwenye dawa. Kithai kina neno la ukarimu wa namna hiyo, namjai, na ukilikata vipande viwili unapata maji na moyo, maji ya moyo. Nasi tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Watu wa pwani mbili zilizo mbali hivi wameuweka ukarimu katika kiungo kile kile cha mwili.

Kwa hiyo ni rahisi kusema, na watalii wa bajeti ndogo wanaojua kidogo juu ya Ubudha hulisema sana, kwamba anayeomba lifti Thailand anatoa kuliko anavyopokea. Dereva anachuma thawabu, msafiri anafika, kila mtu ameridhika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila imeruka hatua moja, na hatua yenyewe ndiyo nzito.

Mafundisho ya Kibudha huwaita watawa shamba la thawabu. Mbegu ni tonge; shamba ni mtu anayelipokea. Na shamba hulimwa. Mtawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Thailand, anashika kanuni 227. Hagusi pesa. Hali chakula kigumu baada ya adhuhuri. Haweki chakula cha leo kikalala mpaka kesho. Hachagui wala haagizi. Husimama kimya, akipewa amepewa, asipopewa anapita. Kuna hata kanuni kwamba asipokee chakula kupita ukingo wa bakuli. Kanuni hizi zinahusu upokeaji kuliko zinavyohusu utoaji. Mama wa kitunga cha mianzi hana sharti lolote isipokuwa moyo wake. Masharti yote yamebebwa na anayenyoosha bakuli.

Hapo ndipo mfano wa msafiri na mtawa unapoachana. Mtawa amejinyima kwa maisha yake yote, au kwa kipindi alichoweka nadhiri, haki ya kujitafutia riziki. Msafiri amejinyima nauli tu, kwa hiari, kwa majuma machache, na akichoka anachomoa kadi. Hilo halimfanyi mwizi. Linamfanya mpokeaji ambaye bado hajajiuliza adabu ya kupokea ni ipi.

Udon Thani, mji wa kuelekea mwisho wa Mittraphap, ulikuwa na mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo. Luangta Maha Bua alikuwa mtawa wa msituni katika hekalu la Ban Tat nje ya mji, na alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 97. Sarafu ya baht ilipoporomoka Julai 1997 na uchumi wa nchi ukaanguka nayo, aliwaita watu watoe dhahabu na dola kwa ajili ya akiba ya taifa. Watu wakavua mikufu na bangili. Zaidi ya tani 12 za dhahabu zilipita kwake zikaenda Benki Kuu ya Thailand. Wapo waliompinga, na alijiingiza katika siasa kuliko wengi walivyopenda kumwona mtawa akifanya. Lakini kila mtu aliona dhahabu ilikotoka na ilikokwenda, na yeye akabaki na bakuli lake. Alipokea kwa wingi usio na kifani na hakuna kilichomganda mkononi.

Uislamu nao, ambao ndio dini ya wengi katika mikoa ya kusini kabisa ya Thailand, Pattani, Yala na Narathiwat, umelitazama swali hili kwa jicho la sheria. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi 8 yanayostahili zaka, na la mwisho ni ibnu sabil, mwana wa njia. Wasomaji wa tafsiri za Kiswahili wanamjua kama msafiri aliyeharibikiwa. Wanazuoni wamemweka wazi. Anaweza kuwa tajiri kwao. Kinachomstahilisha ni kwamba utajiri wake haumfikii alipo, na kwamba safari yake si ya maasi. Anapewa cha kumfikisha, si cha kumtajirisha.

Sharti hilo liliandikwa wakati mali ya mtu ilikuwa mbuzi, mitende na sarafu zilizofukiwa uani, na aliyevuka jangwa alikuwa ameiacha kweli. Leo mashine ya kutolea fedha iko kila kona ya Korat, na msafiri anaibeba akiba yake yote ndani ya kipande cha plastiki. Kwa kipimo cha mafakihi, msafiri wa lifti mwenye kadi inayofanya kazi si ibnu sabil. Anaweza kupokea hisani, kwa kuwa hisani haina mpaka. Fungu la mhitaji si lake.

Serikali ya Thailand imefika karibu na hapo kwa njia yake. Katikati ya miaka ya 2010 walionekana wageni waliokaa kando ya njia za miji ya Asia na vibao vya kuomba wachangiwe safari yao ya kuzunguka dunia, na wenyeji waliokuwa wakipita kwenda kazini wakakasirika. Mwaka 2016 Thailand ilipitisha sheria mpya ya kudhibiti ombaomba. Haikutungwa kwa ajili ya wageni hao, lakini inawahusu kama inavyomhusu mtu yeyote. Lifti haimo humo. Hakuna anayeona aibu kwa mgeni aliyepungia gari. Watu wa kawaida wanaijua tofauti: anayeomba nafasi iliyo wazi katika gari linaloelekea huko anakoenda, na anayeomba jasho la mtu.

Nafasi iliyo wazi. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuliko Mauss, kuliko mafakihi, kuliko msafiri mwenyewe anavyodhani, kwa sababu mpaka sasa tumewahesabu watu wawili tu.

Kila mwaka vijiji vya Isan hufanya sikukuu iitwayo Bun Phawet. Hubebwa kitambaa kirefu kilichochorwa, urefu wake makumi ya mita, kikazungushwa kijiji kizima, kisha watawa husoma kwa siku moja sura 13 za maisha ya Mwanamfalme Vessantara, maisha ya Budha yanayotangulia yale ya mwisho. Vessantara aliapa kutomnyima mwombaji chochote. Akatoa tembo mweupe mwenye kuleta mvua, raia wakamfukuza. Akaondoka kwa gari la farasi na mkewe Maddi na watoto wawili. Njiani wakatokea waombaji, wakamwomba farasi, akawapa. Akatokea mwingine, akaomba gari. Akalitoa, yeye na mkewe wakawabeba watoto na kutembea kwa miguu. Huyo ndiye dereva mkarimu kuliko wote katika hadithi za dunia, ambaye aliombwa gari lenyewe.

Kisha akaja Jujaka, mzee mwombaji, akawaomba watoto. Jali na Kanha walikimbia wakajificha bwawani, ndani ya maji, chini ya majani ya yungiyungi. Baba yao akawaita. Wakatoka. Jujaka akawafunga mikono kwa mimea itambaayo ya porini, akawaswaga huku akiwachapa mbele ya baba yao, na baba akanyamaza, kwa kuwa alishatoa. Mama yao alikuwa msituni akichuma matunda. Mwisho wa hadithi kila kitu kinarudi, watoto wanakombolewa na babu yao, na Jujaka anakula karamu mpaka anakufa kwa kuvimbiwa. Lakini hakuna msikilizaji wa Isan anayesahau bwawa lile.

Nani alilipa zawadi ya Vessantara? Hakulipa yeye peke yake. Walilipa wawili ambao hawakuulizwa, na wa tatu ambaye hakuwepo.

Ubudha haujalikwepa swali hili. Katika Milindapanha, kitabu cha mazungumzo ya Mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na mtawa Nagasena, mfalme analiuliza bila kumung'unya maneno: mtu anayetafuta thawabu kwa nini amtese mwingine? Na Nagasena, kati ya mifano yote aliyoweza kuichagua, anachagua lifti. Tuseme kuna mtawa mwema, mgonjwa, asiyeweza kutembea. Mtu mwenye kutaka thawabu anampandisha kwenye gari la ng'ombe na kumfikisha anakotaka kwenda. Je, mtu huyo atapata thawabu? Mfalme anakubali, atapata. Basi, anasema Nagasena, ng'ombe waliolivuta gari waliumia, na tendo limebaki jema.

Kama jibu la kumtetea Vessantara, haliridhishi. Mtoto wa kike aliyefungwa mikono hafanani na ng'ombe, na mfalme alikuwa na haki ya kuendelea kuhoji. Lakini kama maelezo ya lifti ni sahihi kuliko chochote kilichoandikwa tangu hapo. Nagasena aliliona gari lote. Wengine wote huona mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea. Yeye alitazama mbele, kwenye nira, akawakuta ng'ombe.

Ukirudi Mittraphap na jicho hilo, ng'ombe wako kila mahali. Pikapu imesimama. Ndani mna dereva, mkewe, na bibi mzee. Mgeni akipungiwa kuingia, hutokea mara nyingi kwamba anaketishwa mbele penye kiyoyozi, kwa heshima, na mtu mmoja wa familia anahamia nyuma, kwenye bodi, na magunia. Wenyeji wanajua kwamba nyuma ya pikapu ndiyo usafiri wa watu wasio na gari jingine. Aprili 2017 serikali ilipotaka kupiga marufuku kupanda huko kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, watu walilalamika mpaka amri ikalegezwa kwa siku chache. Wanajua pia hatari yake. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 ziliiweka Thailand kwenye vifo kama 32.7 vya barabarani kwa kila watu 100,000, miongoni mwa viwango vibaya kabisa duniani. Anayehamia nyuma ili mgeni akae mbele amelipa kitu, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Ng'ombe mwingine ni dereva wa songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, ndugu wa chai maharage zilizowahi kubeba abiria wa Dar es Salaam. Anapita nyuma ya ile pikapu, viti viwili vitupu. Nauli aliyoikosa ni ndogo sana kwa mgeni.

Na kuna ng'ombe ambaye ni dereva mwenyewe. Wathai wana neno kreng jai, haya ya moyo, kule kuogopa kumuudhi au kumsumbua mwenzio hata kama inakugharimu. Mtu wa kreng jai akiombwa hakatai kwa urahisi. Atasema njia yetu ni moja hata kama si moja. Atazunguka kilomita 40 na kurudi nyumbani usiku bila kusema neno. Msafiri asiyejua hilo atasimulia jioni kwamba Wathai ni watu wakarimu ajabu, na atakuwa amesema kweli, ila hajui kama alibebwa na maji ya moyo au na moyo ulioshindwa kusema hapana. Anayelijua hulazimika kuuliza kwa namna inayomwachia mwenziwe mlango: kushuka njia panda kabla hajapelekwa mbali, kusema hapa panatosha, kujifanya anakoenda ni karibu.

Pwani ya Afrika Mashariki inao mfano wake wa kale, na uliandikwa na msafiri ambaye baadaye alifika Asia ya Kusini-Mashariki pia. Ibn Battuta alitua Kilwa mwaka 1331. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Katika miaka ya 1340 Ibn Battuta alipokelewa kwa ukarimu katika baraza la sultani wa Samudra, kaskazini ya Sumatra. Alizunguka nusu ya dunia kwa hisani ya wenyeji wake, na kumbukumbu zake zimejaa sifa za waliotoa.

Watumwa ishirini. Wamo katika hadithi kama idadi tu. Mtu wa Kilwa anayejivunia, na ana haki ya kujivunia, kwamba mji wake ulikuwa na mfalme aliyevua nguo kumpa maskini, ana watu ishirini wa kuwahesabu pia, kama msikilizaji wa Bun Phawet alivyo na watoto wawili ndani ya bwawa.

Kuna pia swali la nani haonekani kabisa na dereva. Thailand ina wafanyakazi wengi mno kutoka Myanmar, Laos na Kambodia, na wengi wao wamevuka mpaka bila karatasi. Hao nao husimama kando ya barabara. Sheria ya Uhamiaji ya 1979 inampa kifungo anayemficha au kumsaidia aliyeingia nchini kinyume cha sheria, kwa hiyo lifti ile ile inayomletea dereva thawabu akimbeba mtalii inaweza kumpeleka jela akimbeba mfanyakazi asiye na karatasi. Aprili 2008, katika mkoa wa Ranong, watu 121 kutoka Myanmar walifungiwa ndani ya kontena la lori la kubebea samaki kuelekea Phuket. Hewa ikakatika. Walikufa 54. Wao walikuwa wamelipa nauli. Mtanzania anayesoma habari hiyo atakumbuka Juni 2012 mkoani Dodoma, na Waethiopia zaidi ya 40 waliokufa kwenye lori kwa namna hiyo hiyo.

Kwa kipimo cha mafakihi, waliokuwa ndani ya kontena lile ndio walioharibikiwa njiani hasa. Kwa kipimo cha Nagasena, ndio mgonjwa asiyeweza kutembea. Na ni vigumu kuufikiria ukarimu wa Mittraphap, ambao ni wa kweli na umewafanya wageni wengi wapende nchi ile maisha yao yote, bila kuona kwamba unamfikia kwa wepesi zaidi yule anayeuhitaji kidogo zaidi. Kosa hilo si la dereva. Yeye alisimama. Msafiri ndiye mwenye nafasi ya kulifikiria, kwa sababu ndiye pekee kati yao aliyekuja kwa kuchagua.

Wapo wanaolifikiria. Mmoja hupanda lifti vijijini tu, mahali pasipo na songthaew, na kwenye njia zenye mabasi hulipa kama watu wengine. Mwingine hukataa kiti cha mbele, akaenda kukaa nyuma na magunia, na bibi akabaki na kiyoyozi chake. Mwingine hununua matunda mapema asubuhi akayabeba, si kama malipo, maana hela dereva angeikataa na pengine angeumia, ila kwa sababu watoto wa ndani ya gari nao ni wenyeji. Hizi ni kanuni ndogo sana ukizilinganisha na zile 227.

Nong Khai lifti inakoma. Daraja la Urafiki halivukwi kwa miguu. Mwenda kwa miguu anagonga pasipoti, ananunua tiketi ya basi dogo la kuvuka, bei ya chupa moja au mbili za maji, na kupanda. Ndani wamo wanawake wa Laos wenye mifuko ya sabuni na mafuta ya kula kutoka masoko ya upande wa Thailand. Basi linajaa, wengine wanasimama. Upande wa Laos magari huhama kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo baada ya kushuka darajani dereva hupunguza mwendo na kukata kuvuka upande wa pili, na kila aliyesimama hushika alichoweza, bomba la juu, ukingo wa kiti, bega la mwenzake.